S203 Mjini Nairobi: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kisiguswe

Mstari wa chaki ulishachorwa kwenye ukingo wa fenda ya nyuma, upande wa kushoto. Grainda iko sakafuni, waya wake umeshachomekwa. Gari lenyewe ni Subaru Impreza S203 ya 2005, moja kati ya 555 zilizotengenezwa. Pembeni zimepangwa rimu mpya nne, inchi 18 kwa upana wa inchi 9.5, zimevalishwa tairi za 265/35. Rimu za BBS ambazo gari lilitoka nazo Japani zimeegemezwa ukutani, na tayari kuna mtu ameulizia bei.

"Ukikata hapo itaonekana?" mwenye gari akauliza.

"Haitaonekana, mkubwa. Napiga puti, napaka rangi, hata wewe mwenyewe hutajua ni wapi."

Stima zikapotea kabla grainda haijashikwa. Kazi ikaahirishwa.

Wiki kadhaa zimepita na mazungumzo yale bado yananisumbua. Fundi hakudanganya: puti ikipigwa vizuri haionekani. Mwenye gari naye ana haki yake. Gari ni lake, amelilipia, anataka likae chini na tairi zijae kwenye fenda. Ila wote wawili walikuwa wanauliza kama jeraha litaonekana, na hakuna aliyeuliza kama litapona.

## Ukingo una bati mbili

Ukiingiza vidole ndani ya tao la gurudumu la nyuma la Impreza, utagusa ukingo uliokunjwa. Pale pana bati mbili. Bati la nje la ubavu wa gari hukutana na bati la ndani la tao, yakashikwa kwa vidonda vidogo vya weldi, kisha kiwandani wakaziba mwanya kwa silanti ili maji yasipite katikati.

Ukikata ukingo huo, umekata weldi zenyewe. Bati mbili zinaachana. Puti inaweza kuziba mbele ya macho, lakini haina nguvu ya kushika bati mbili zinazotikiswa na kila tuta. Baada ya muda inapasuka ufa mwembamba, maji ya tope yanaingia na kutulia katikati, na kutu inaanzia ndani. Siku utakayoona rangi imevimba kwa nje, bati la ndani limeshakuwa wavu. Matao ya nyuma ya Impreza yanajulikana kwa kutu hata yakiwa mazima. Kwa gari linaloishi Mombasa au Tanga, penye hewa ya chumvi, mambo huenda haraka zaidi.

Kama ni lazima, ukingo hukunjwa. Unaupasha moto taratibu kwa bunduki ya hewa mpaka rangi ilainike, unatumia rola inayofungwa kwenye habu, unakunja kidogo kidogo kwa mizunguko mingi, kisha unarudishia silanti. Rangi ikiwa baridi hupasuka, na ukiharakisha, ubavu wa gari unabonyea.

Lakini si lazima. Impreza za STI, kitengo cha Subaru cha magari ya kasi, kuanzia modeli ya 2005 zina boliti 5 kwenye duara la milimita 114.3, tofauti na zile za awali zenye 5 kwa 100. Kwa hiyo rimu za STI za miaka ya baadaye, inchi 18 kwa 8.5 zenye ofseti ya 55, zinaingia bila kugusa bati. Zivalishe 245/40, weka kamba (camber, mlalo wa gurudumu) ya nusu digrii hadi digrii moja na nusu kuingia ndani, na gari litashika barabara kuliko kwa zile 265 zinazosugua fenda kila ukibeba abiria wa nyuma.

Rimu za BBS ziende stoo. Ni za kufuliwa (forged), si za kumiminwa (cast), na mashimo yetu yanazipinda. Rimu iliyofuliwa ikipinda kidogo hunyooshwa na mwenye mashine yake. Ikipasuka, usikubali ichomewe weldi halafu irudi barabarani.

## Kundi lisiloongezeka

S203 ilitoka mwanzoni mwa 2005. STI walichukua Impreza ya kawaida ya wakati huo, yenye nguvu farasi 280 kwenye karatasi, wakaipa injini iliyosawazishwa kwa uangalifu zaidi, turbo yake (feni inayozungushwa na moshi ili kuishindilia injini hewa), ramani yake ya kompyuta (maagizo ya mafuta na cheche), viti vya Recaro vya kaboni, rimu za BBS na shokomzoba zake. Ikatoka na farasi 320 na mkunjo (torque) wa Nm 422. Idadi ya 555 haikuokotwa: ndiyo namba ya sigara iliyodhamini timu ya mbio ya Subaru, ile iliyopakwa ubavuni mwa magari yake ya buluu, likiwemo lililoshinda Safari Rally mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae. Mkenya aliyekuwa kando ya barabara miaka hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini namba hiyo ina uzito.

Sheria zetu zimelifunga kundi hilo zaidi. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo S203 ya 2005 haikuweza kuingia tena kuanzia 2013. Zilizopo ndizo hizo hizo. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, lakini umri wa gari unaongeza ushuru.

Subaru wenyewe waliacha kuunda magari yenye injini ya EJ20 baada ya toleo la mwisho la WRX STI lililotangazwa 2019. Nalo lilikuwa 555.

Hapa kuna jambo linalonipa shida. S203 si gari "safi" lililoguswa na mtu baadaye. Ni gari ambalo limeshabadilishwa tangu kuzaliwa, na waliolibadilisha ni STI. Sasa kwa nini mabadiliko yao yaheshimiwe na ya fundi wa Industrial Area yakataliwe?

Jibu ninaloliamini ni la kiufundi zaidi kuliko la heshima. STI walibadilisha vitu vinavyoelewana. Turbo, manifoldi, ramani ya mafuta, springi na tairi vilipimwa pamoja. Ukitoa kimoja, vingine vinabaki vikifanya kazi kwa hesabu ambayo haipo tena. Mabadiliko mengi ya mtaani huja kimoja kimoja, kadiri pesa inavyopatikana: mwezi huu ekzosi, mwezi ujao filta ya hewa, Desemba springi. Kila kimoja kinavuta upande wake.

## Ngurumo

Hili ndilo linalovunja S203 nyingi kuliko grainda.

Mtu ananunua gari, analiwasha, anasikiliza, anakunja uso. Halingurumi. Linatoa sauti laini iliyonyooka, wakati Impreza ya jirani, ya bei ya chini sana, inanguruma hadi vioo vya duka vinatetemeka. Anadhani ekzosi ni mbovu, au kuna mtu ameshalichezea.

Halijachezewa. Ndivyo lilivyo.

Injini hii ina silinda 4 zilizolala, namba 1 na 3 kulia, 2 na 4 kushoto, na zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Turbo iko upande wa kulia. Katika Impreza nyingi za turbo, manifoldi ya ekzosi inakusanya silinda za upande mmoja pamoja, na moshi wa upande wa kushoto unasafiri njia ndefu kuvuka chini ya injini. Mapigo ya moshi yanafika kwenye turbo yakiwa hayalingani: mawili yanasukumana, kisha pengo, kisha mawili tena. Hilo pengo ndilo ngurumo.

S203 ina turbo yenye midomo miwili. Manifoldi yake inaunganisha silinda 1 na 2 kwenye mdomo mmoja, 3 na 4 kwenye mwingine, kwa mabomba yenye urefu unaokaribiana. Silinda za jozi moja huwaka zikiwa mbali kabisa katika mzunguko, kwa hiyo pigo la moja halirudi kuzuia lingine. Moshi unaifikia turbo ukiwa na nguvu yake yote, na turbo inaamka mapema. Kinachopotea ni sauti.

Ili kuipata ngurumo lazima utoe manifoldi, bomba linalopanda kwenye turbo, turbo yenyewe, na bomba linaloshuka. Unafunga turbo ya mdomo mmoja. Kisha ramani ya kompyuta haifai tena na inabidi iandikwe upya. Umetumia pesa nyingi, na gari limekuwa zito kuamka kwenye mizunguko ya chini.

Kwa Nairobi hasara hiyo ni kubwa kuliko ingekuwa Tokyo. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Turbo yoyote hapa inazunguka kwa kasi zaidi ili kujaza hewa ile ile, na inachelewa kuamka. Turbo ya midomo miwili inapunguza ucheleweshaji huo. Mtu anaitoa sehemu iliyokuwa inamsaidia zaidi kuliko inavyomsaidia Mjapani, kwa ajili ya sauti.

Halafu turbo ya asili inauzwa, kwa sababu "haitumiki tena". Hapo ndipo gari linapotoka kwenye lile kundi.

Anayetaka ngurumo, na ni kitu kizuri kukitaka, anunue Impreza ya kawaida. Zipo nyingi na zinanguruma bila kuombwa.

## Petroli ambayo gari halikuitarajia

Ningeishia hapo, ningekuwa upande wa wanaosema "usiguse chochote". Miaka mingi huo ndio umekuwa ushauri wa watu wenye nia njema. Siku hizi naona una madhara yake.

Ramani ya kompyuta ya S203 iliandikwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, inayouzwa ikiwa karibu na okteni 100. Super tunayojaza kwenye vituo vyetu haifiki hapo. Petroli ya okteni ya chini, ikishindiliwa na turbo na joto, inalipuka kabla cheche haijamaliza kazi yake. Mafundi wanasema injini inanoki. Kuna sensa inayosikiliza, na kompyuta huchelewesha cheche ikisikia noki. Lakini inachelewesha baada ya kusikia, yaani pigo limeshatokea. Ukipanda mlima kwa gia ya 4, mguu umezama, mapigo hayo yanarudiwa na kurudiwa.

Kinachovunjika mara nyingi ni ukuta mwembamba wa pistoni kati ya mifereji ya ringi. Dalili zake: injini inaanza kula oili, mvuke unazidi kwenye bomba la kupumulia, na ukichomoa plagi unakuta vidoadoa vya fedha au vyeusi kwenye kauri nyeupe. Kipimo cha kompresheni kinaonyesha silinda moja imeanguka, wakati nne zote hazipaswi kupishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi.

Kwa hiyo S203 iliyoachwa "stoku" kabisa, ikiendeshwa kwa nguvu kwa petroli yetu, inajiua taratibu. Asili yake imehifadhiwa hadi injini inapotoboka.

Haya ndiyo mabadiliko ninayoyaona kuwa ya lazima, na hayaachi alama kwenye chuma.

Kwanza afya, kabla ya kompyuta. Pima kompresheni. Weka plagi mpya za iridiamu. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake, si kwa petroli. Ziba mdomo wa turbo, pampu hewa hadi presha ya kama ba 1, upake maji ya sabuni kwenye mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo). Mpira wa miaka karibu 20 huwa na ufa usioonekana. Angalia mkanda wa taimingi: hata kama kilomita 100,000 hazijafika, umri unatosha kuubadilisha, kwa sababu ukikatika, pistoni hugonga valvu. Fungua boliti ya banjo inayopeleka oili kwenye turbo. Mara nyingi ndani yake mna wavu mdogo wa kuchuja. Ukiziba, turbo inakauka na kufa, na lawama inaenda kwa oili. Sampu (karai la oili) ikifunguliwa, badilisha bomba la kunyonyea oili kwa lililoimarishwa, maana la kiwandani huwa na historia ya kupasuka kwenye kiungo chake, na likipasuka beringi za konrodi hazimalizi wiki.

Pili, soma faili ya asili ya kompyuta kabla hujaandika chochote. Kwa magari ya umri huu kuna viunganishi vya kijani vya majaribio chini ya dashibodi ambavyo lazima viunganishwe kwanza. Hifadhi faili hiyo sehemu mbili tofauti, moja isiwe kwa fundi. Faili ya S203 si sawa na ya STI ya kawaida, na ukiipoteza utapewa ya gari jingine uambiwe ni ile ile.

Tatu, jaza petroli ya kituo utakachotumia siku zote, ndipo uende kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Kukiwa na msukumo kamili wa turbo, mchanganyiko wa hewa na mafuta ukae karibu na 11 kwa 1. Kushusha msukumo kwa ba 0.1 hadi 0.2 na cheche kwa digrii 2 hadi 4 kwenye eneo la mkunjo mkubwa kwa kawaida kunatosha kunyamazisha noki. Utapoteza farasi kadhaa. Kwa hewa ya Nairobi hukuwa nazo zote 320 hata hivyo.

Nne, na hili husahauliwa hata na mafundi wazuri: ramani iliyopimwa Nairobi haijapimwa Mombasa. Ukishuka kwenda pwani hewa inakuwa nzito, injini inavuta hewa nyingi zaidi, na kompyuta inasoma safu za ramani ambazo kwenye daino ya mita 1,700 hazikuwahi kuguswa. Mwambie fundi aziache safu za mzigo wa juu zikiwa na cheche ya tahadhari. Magari mengi yaliyotengenezwa vizuri Nairobi yamefia njiani kuelekea Voi, na wenyewe wakadhani ni joto tu.

## Vidogo vinavyoonekana havina hatia

Filta ya hewa ya wazi ndiyo ya kwanza kununuliwa. Sensa ya hewa inahesabu kwa kipenyo cha bomba ililofungwa ndani yake. Bomba likiwa pana kuliko la asili, hewa nyingi inapita na kompyuta inadhani ni kidogo, inatoa mafuta machache. Injini inakuwa na njaa ya mafuta wakati wa msukumo. Gari linahisiwa jepesi kwa wiki chache, ndiyo maana watu huisifia.

Valvu ya kutoa hewa nje, ile ya "pshii" ukibadili gia, inamwaga hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu. Mafuta yanazidi kwa muda mfupi, plagi zinakuwa nyeusi, na gari linazimika kwenye taa za barabarani. Ya kiwandani inairudisha hewa kwenye mfumo, na kwa msukumo wa kawaida haihitaji kubadilishwa.

Ekzosi pana isiyo na katalisti (kisafisha moshi) inaweza kufanya msukumo upande wenyewe kupita kiwango, kwa sababu mlango wa kupunguzia wa turbo hauwezi kupitisha moshi wote. Ukiifunga bila kwenda kwenye daino, unabahatisha.

Shokomzoba za STI zimepinduliwa, mwili juu na fimbo chini. Zikianza kugonga kwenye matuta, wengi wanazitupa wakidhani zimeisha. Mara nyingi zimekauka grisi tu. Zinafunguliwa, zinasafishwa, zinapakwa grisi upya, na kelele inaisha. Nimeona seti za asili zikienda kwa wauza vyuma chakavu kwa kelele ya grisi.

## Waliojua zaidi walikata gari lipi

Kwa muda nilikuwa sina hoja ya kumpa anayesema kwamba fundi hodari anaweza kulifanya gari adimu kuwa bora zaidi. Kisha nikaifikiria tena P25.

Prodrive wa Uingereza ndio walioendesha timu ya Subaru kwenye mbio za dunia. Mwaka 2022 walitangaza P25, gari la kuenzi 22B, ile Impreza ya milango miwili ya 1998 iliyotolewa 424 tu. P25 ina injini ya lita 2.5, zaidi ya farasi 400, bodi ya kaboni katika sehemu nyingi, na ilibuniwa na Peter Stevens, mtu aliyeshiriki kuichora 22B yenyewe. Idadi ni 25. Hakuna gereji duniani yenye haki kubwa kuliko hiyo ya kuikata 22B.

Hawakuikata. Walichukua Impreza za kawaida za milango miwili za kipindi hicho, wakazivua hadi chuma, wakajenga juu yake.

Mwaka uliofuata, 22B ya majaribio iliyokuwa ya Colin McRae iliuzwa mnadani Uingereza kwa pauni 480,500. Iliuzwa jinsi ilivyokuwa.

Hili lilinitoa kwenye wasiwasi wangu mkubwa. Kubadilisha gari ni ufundi wa kuheshimiwa, na gari la kawaida linaupokea wote: injini kubwa, fenda pana, chochote. Hulipunguzii dunia kitu. S203 ukiikata haikupi chochote ambacho Impreza ya kawaida haiwezi kukupa baada ya kazi, ila inaondoka kwenye hesabu ya 555.

Soko letu halijaanza kulilipia hilo. Nairobi na Dar mnunuzi anauliza rimu, sauti, na kama gari lina "stage 2", yaani limeshaongezwa nguvu. Ila Marekani inaruhusu gari lolote likifikisha miaka 25, na S203 ya 2005 itafika huko 2030. 22B zilifika 2023. Mnunuzi wa huko atauliza turbo yenye midomo miwili iko wapi, na viti viko wapi.

## Kutoa na kuhifadhi

Kanuni ninayoitumia ni hii: kinachofungwa kwa boliti kinaweza kutoka, mradi cha asili kimehifadhiwa na kina jina. Kinachohitaji grainda, weldi au dirili kwenye bodi hakiingii.

Lipu ya bampa ya mbele ni mfano mzuri. Matuta yetu yataivunja, hakuna mjadala. Itoe, mpe fundi wa faiba achukue umbo lake, atengeneze nakala, uendeshe na nakala. Ya asili iwekwe imelala bapa, isiegemezwe ukutani, maana joto la stoo ya mabati litaipinda.

Turbo ikitolewa, mimina oili safi kidogo kwenye tundu la juu, izungushe kwa mkono, kisha ziba matundu yote kwa vifuniko, si kwa matambara. Nyuzi za tambara zikiingia ndani zitaonekana siku ya kuifunga tena. Kompyuta ya asili iwekwe kwenye mfuko wenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, mbali na sakafu. Viti vifunikwe shuka ya pamba, si plastiki, kwa sababu plastiki inafuga unyevu na kuvu. Shokomzoba zisimame wima kama zilivyokaa kwenye gari.

Boliti za kila kipande ziingie mfuko wake. Kwenye kila boksi andika namba ya chesisi na tarehe, piga picha lebo ya kila kipande. Watoto wako au mnunuzi wako hawatajua kuwa lile bomba lenye vumbi ndilo lililokuwa na thamani.

Na gari liendeshwe. Anayesema kwamba gari la kufungiwa linakufa yuko sahihi. Sili za krenki zinakauka, petroli inachacha, maji ya breki yananyonya unyevu na kuozesha kalipa. Kila wiki mbili lipelekwe hadi oili, si maji pekee, ishike joto kamili, kama dakika 30 barabarani. Kuliwasha na kuliacha likiunguruma uwanjani kunaongeza unyevu kwenye oili, hakusaidii.

## Injini ikifa

Siku moja beringi inaweza kugonga. Gereji itakuambia suluhisho la haraka ni injini ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, kutoka Kirinyaga Road, na blok ya zamani wataichukua kama sehemu ya malipo.

Ichukue injini hiyo kama inakufaa, lakini blok ya asili usiitoe. Namba iliyogongwa juu yake ndiyo iliyo kwenye logibuku, na ndiyo inayolingana na chesisi tangu kiwandani. Blok iliyoharibika krenki inatengenezeka. Iliyouzwa haipatikani tena. Ipake oili, ifunge kwenye stendi au ubao, ifunike. Kisha upeleke mabadiliko ya namba ya injini yakaandikwe rasmi kwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kabla hujaanza kulitumia gari, kwa sababu namba zisizolingana zitakukwamisha siku ya kuuza na siku ya kudai bima.

Ukifika wakati wa kuliuza, orodha ya vipande vilivyo stoo iwe sehemu ya mkataba wenyewe, kila kimoja na namba yake: turbo, manifoldi, kompyuta na faili yake, rimu nne, viti viwili, lipu, shokomzoba nne, blok. Mnunuzi avikague kabla ya kutia sahihi, na viondoke pamoja na gari siku hiyo hiyo, hata kama itabidi kukodi pikapu.